Kesi za hataza zinaumiza ubunifu hata pale mlalamikaji hana haki

Wakuu, hoja iliyo mezani ni kwamba bila kesi za miliki bunifu kila mbunifu wa programu angeporwa na kampuni kubwa, hivyo wingi wa kesi ni dalili kwamba ubunifu unalindwa. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nusu ya pili naipinga kwa nguvu zote.

Ninayoikubali ina mfano wake: Stac Electronics. Ilikuwa kampuni ndogo iliyouza programu ya kubana data ili diski ibebe vitu vingi zaidi. Microsoft ilipoweka huduma ya namna hiyo ndani ya MS-DOS 6, mfumo wake wa kuendesha kompyuta, Stac ilikwenda mahakamani, na mwaka 1994 ikapewa fidia ya dola milioni 120. Hapo hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako bila ruhusa, ilifanya kazi yake. Aliyetengeneza kitu na kukiuza alilindwa dhidi ya mwenye nguvu.

Sasa tazameni Lodsys. Hii haikuwa na programu sokoni, ilikuwa na hataza tu, tena za kununua. Mwaka 2011 ikaanza kuwaandikia barua watengenezaji wadogo wa programu za simu, ikidai wamekiuka hataza zake kwa kuweka kitufe cha kununua toleo kamili ukiwa ndani ya programu. Uwezo wa kuweka kitufe hicho walipewa na Apple kama sehemu ya mfumo wake, na Apple yenyewe ilikuwa na leseni ya hataza hizo! Lodsys ilitaka asilimia 0.575 ya mapato yao ya Marekani. Tafakarini kiwango hicho. Kwa mtu anayeuza programu moja, ni pesa ndogo kuliko ada ya wakili wa kumtetea. Kwa hiyo analipa, hata akiwa na hakika kwamba dai ni bovu, na hakuna hakimu atakayeipima hataza hiyo. Udogo wa dai ndio mtego wenyewe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema hataza mbovu itafutwa tu mahakamani. Wengi hawafiki huko. RIM, watengenezaji wa BlackBerry, walikuwa na fedha na mawakili wa kutosha, lakini mwaka 2006 waliilipa NTP, kampuni iliyomiliki hataza bila kuuza bidhaa, dola milioni 612.5 wakati ofisi ya hataza ya Marekani ilikuwa tayari imeanza kuzikataa hataza zilezile. Amri ya kusimamisha huduma ilikuwa inawanyemelea, na wateja hawasubiri.

Hata anayeshinda anaumia. Mwaka 2010 Oracle iliishtaki Google kuhusu matumizi ya Java, lugha ya kuandikia programu, ndani ya Android, mfumo wa simu wa Google. Madai ya hataza yalianguka mapema, ikabaki hakimiliki. Kipande kimoja kilichogombaniwa kiliitwa rangeCheck: mistari tisa inayohakikisha kwamba namba ya mwanzo haizidi ya mwisho, na kwamba zote mbili hazitoki nje ya safu, yaani orodha ya data. Mwanafunzi anayeanza huandika kitu kama hicho. Hakimu William Alsup, ambaye naye huandika programu, aliwaambia waziwazi mawakili wa Oracle kwamba ameshaandika vya namna hiyo mara nyingi. Shauri zima lilikwisha Aprili 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoipa Google ushindi kwa kura 6 dhidi ya 2. Google ilimudu kusubiri zaidi ya miaka kumi. Timu ya watu watatu ingeshafunga kazi zamani.

Ni kweli makali yamepungua. Uamuzi wa mahakama hiyohiyo katika kesi ya Alice ya 2014 ulisema wazo dhahania haligeuki kuwa uvumbuzi kwa sababu tu limetiwa kwenye kompyuta, na ule wa kesi ya TC Heartland ya 2017 uliwabana walalamikaji waliokuwa wakikimbilia mahakama ya mashariki mwa Texas, iliyojulikana kuwafaa wenye hataza. Nazithamini hukumu hizo, ila zinamfaa zaidi aliyekwisha kumlipa wakili.

Pendekezo langu: asiyetengeneza chochote kwa hataza anayoidai aweke dhamana ya gharama za mshtakiwa kabla shauri halijaanza, na hataza ikibatilishwa fedha hizo ziende kwa mshtakiwa. Stac isingeguswa, ilikuwa na bidhaa dukani. Vyuo vikuu vitalalamika kwa kuwa navyo hugundua bila kuuza. Hao niko tayari kuwasamehe sharti hilo, mradi uvumbuzi ni wa watafiti wao wenyewe. Anayeona kuna mbunifu halali atakayefungiwa mlango na sharti hili amtaje, tumjadili.