Mrejesho: kuwaunganisha wakulima wa mboga Lushoto

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niliwauliza namna ya kuwaunganisha wakulima wa mboga wa vijiji vitatu huku Lushoto wapeane bei na habari za magari, ilhali wengi wana simu za kitochi. Mkanishauri niachane na kutengeneza programu, nianze na kile wanachokitumia tayari. Nimefanya hivyo.

Wenye simu janja wako kwenye kundi la WhatsApp, na kila kitongoji kina mtu mmoja anayepokea bei alfajiri na kuwatumia wenye vitochi kwa meseji. Meseji moja inabeba herufi 160 tu, kwa hiyo tunaandika jina la zao, bei ya gunia na soko, hakuna zaidi. Kilichonigusa ni sauti. Akina mama waliokuwa kimya muda wote walianza kuzungumza siku tulipokubaliana kutuma sauti kwa Kisambaa, na sasa ndio wanaoongoza. Laiti ningeanza nao!

Wazo la kurusha Wi-Fi kutoka mji wa Soni hadi vijijini kwetu halikufua dafu. Antena zinataka zionane, na kati yetu kuna mlima. Bila kituo cha kati cha kupokea na kurusha tena mawimbi, chenye sola yake, hatufiki, na hela hiyo hatuna.

Sasa madalali wawili wameomba kuingia kundini, wakulima wamegawanyika. Nimewaachia waamue kwenye kikao cha Jumapili, kwa sababu kundi ni lao. Aliyenisihi nisishike usimamizi peke yangu, Mungu akubariki. Tumeshakuwa wasimamizi watano, watatu wanawake.