Naomba ushauri: kamera ya tingatinga inalia hata pasipo hatari
Habari zenu wakuu. Naendesha tingatinga la kupakia kokoto kwenye machimbo, Mukono, Uganda. Tumefungiwa kamera mbili zinazotambua watu, mbele na nyuma. Shida ni kwamba hata nikisonga mbele, ya nyuma inalia kwa kila anayepita, hata anayeondoka zake. Masikio yamezoea. Juzi nilirudi nyuma nikidhani ni kelele zilezile, kumbe kijana anayehesabu tripu yuko hatua mbili tu kutoka kwenye tairi. Bado natetemeka.

Nimefuta vumbi kwenye lenzi, nimepunguza umbali wa kamera kutambua watu hadi mita 5, bado. Kuzima sauti sitaki kabisa.

Je, nikiunganisha kamera ya nyuma na waya wa taa ya rivasi (inayowaka ukirudi nyuma), italia nikirudi nyuma tu? Na mtu akija nyuma nikiwa nimesimama, nitajuaje kabla ya kuingiza gia?