Kampuni ya bima wanasema hawatujui, na namba waliiandika wenyewe kwenye fomu yao!

Wandugu, naandika saa saba usiku hapa Kamalondo, Lubumbashi, mvua inapiga bati na bukari imepoa kwenye sahani. Huko Chicago ni saa kumi na moja jioni, ofisi wanafunga.

Wiki tatu natuma faili za madai ya matibabu, za aina iitwayo 837, za kliniki moja ya Marekani kwenda kwa kampuni ya bima. Zinamezwa kimya. TA1, yaani risiti ya kwamba bahasha ya faili imefika, niliiomba, hairudi. 999, jibu la kilichomo ndani, ndiyo usiseme.

Mwanzo nilijilaumu. Mstari wa ISA, ule wa kwanza ambao ndio bahasha yenye mtumaji na mpokeaji, lazima uwe na herufi 106 kamili, na namba ya mtumaji imetengewa nafasi 15. Yetu ina tarakimu 9, kwa hiyo nafasi 6 zinabaki tupu nyuma yake. Nilizihesabu kwa ncha ya kalamu juu ya kioo, moja moja, kama mama wa sokoni na noti zilizochakaa. Sita. Nikarudia. Sita!

Kumbe shida ni zile herufi mbili zinazotangulia namba. Fomu yao, yenye sahihi yao, inasema 30, maana yake kinachofuata ni namba ya kodi ya Marekani. Nikaweka 30. Wao kwenye mashine yao wametuandikisha kwa ZZ, yaani "tulivyopatana wenyewe". Tulipatana na nani? Tarakimu ni zilezile 9, lakini mashine inatafuta vyote viwili pamoja, na mwenye 30 kwao ni mgeni asiye na mlango.

Nikauliza. Jamaa wa huduma ananijibu nihakikishe NPI ya daktari, yaani namba yake ya utambulisho huko Marekani. NPI! Hiyo iko ndani kabisa ya faili. Bahasha yenyewe haijafunguliwa, wewe unaniuliza daktari ni nani? Barua pepe nne, jibu moja la kunakili.

Jana nikabahatisha ZZ (ndiyo, nilibahatisha, na madai ya wagonjwa!). TA1 ikarudi kabla chai haijachemka. Leo wamekataa tena: kwenye GS03, nafasi ya mpokeaji katika bahasha ya ndani, wanataka namba tofauti na ile ya mpokeaji kwenye ISA. Kwenye fomu haipo popote.

Mwenye kutuma kwa bima za kule, fomu yako ina namba ngapi za mpokeaji? Yangu ina moja tu, na mwenye kliniki kesho ataniuliza pesa yake.