Wakuu ule mchezo wa Wafilipino wa kubandikwa neno kwenye paji la uso unaitwaje, na unafaa kwenye sendofu?

MC_wa_Tabata:
Habari za usiku wakuu. Mi ni MC, nafanya kicheni pati na sendofu huku Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi. Sasa juzi kati namalizia bando la usiku nikakutana na klipu ya Wafilipino, mtu kafungwa kikadi kwenye paji la uso kina neno, yeye halioni ila ukumbi mzima unaliona, mwenzake kakaa mbele yake wanatazamana, basi huyu anauliza maswali mbio mbio na yule anajibu kineno kimoja tu, saa inarudi nyuma, watu wanapiga kelele hatari. Lugha sielewi hata kidogo ila nilicheka mpaka wife akaamka kuuliza kuna nini.

Kinachonileta hapa ni kwamba michezo ya ukumbini imeisha jamani. Kila MC ni kugombania viti muziki ukizimwa, kupokezana chungwa kwa shingo, kuwanyanyua wakwe wacheze mduara. Wageni washajua, ukisema tu "naomba watu watano waje mbele" unaona watu wote wanainamia sahani. Mwenye kujua huo mchezo anipe jina, sheria zake na kama watu wazima wenye heshima zao watakubali kubandikwa kikadi. Mods naombeni msiuhamishie jukwaa la filamu.

Baharia_Kigamboni:
Mkuu umekuja kwenye anga zangu. Nimefanya meli za mizigo miaka na miaka na huko baharini kila meli utakayopanda Wafilipino wamejaa, hivyo vipindi vyao nimeangalia mpaka nikavizoea kuliko vya kwetu.

Huo unaitwa Pinoy Henyo, yaani Mfilipino kipanga. Siyo kipindi kinachojitegemea, ni kipengele ndani ya Eat Bulaga! ambacho kinaruka mchana watu wakiwa wanakula, kilianza tarehe 30 Julai 1979 na mpaka leo kipo, piga hesabu mwenyewe. Wenye kipindi ni watatu, Tito Sotto, mdogo wake Vic Sotto na Joey de Leon. Huyo Tito usimuone anachekesha pale, ni mwanasiasa mzito, kawa rais wa seneti yao, yaani kama spika. Na mtoto wa Vic ni meya wa Pasig tangu 2019. Wenzetu huko ukichekesha vizuri unapigiwa kura.

Sheria ni nyepesi. Watu wawili, dakika 2. Mwenye kikadi anauliza, mwenzake ana majibu matatu tu, Oo ndo ndiyo, Hindi ndo hapana, na Pwede ndo inawezekana. Haruhusiwi kuongeza kingine, wala ishara. Ufundi wote upo kwenye maswali ya mwanzo, wenyewe wanaanza kupanga mafungu kwanza: mtu? kitu? mnyama? mahali? chakula? Ukishapata fungu ndo unachimba. Asiyejua anakurupuka tu "ni kijiko? ni sufuria?" dakika zinamuishia hivi hivi.

Melini tulikua tunacheza baada ya chakula cha jioni, kadi tunakata maboksi ya biskuti, maka anatoa bosuni, yule msimamizi wa mabaharia. Siku moja wakanibandika "adobo", kile chakula chao cha nyama ya siki na soya. Nauliza chakula? Oo. Nyama? Oo. Kuku? Pwede. Nguruwe? Pwede. Nikachanganyikiwa kabisa, inakuaje kitu kinakua kuku na nguruwe kwa mpigo, kumbe inapikwa vyovyote, na mi nilikua nakula ya kuku tu ile nyingine hata sufuria lake silisogelei. Kuki, yaani mpishi wa meli, alicheka mpaka akatoka nje.

Pilipili_Kichaa:
Hiyo ni michezo ya watoto, tusidanganyane. Chemsha bongo ya ukweli ya Ufilipino ilikua Game KNB? ya kituo cha ABS-CBN, ilianza 2001, mtangazaji Kris Aquino. Na huyo dada si wa mchezo, mama yake ni Corazon Aquino aliyekua rais 1986 mpaka 1992, na kaka yake Benigno akaja kua rais 2010 mpaka 2016. Sasa fikiria mtoto wa rais anakuuliza swali jioni sebuleni kwako. Baadae akaingia Edu Manzano akawa anachezesha watu densi ya Papaya, nchi nzima ikawa inacheza. Halafu walikua na ile ya kugombea mamilioni, TV5 walimpa huyo huyo Vic Sotto 2009.

MC andaa maswali mkuu, historia, jiografia, mpira. Watu waondoke na kitu kichwani.

Baharia_Kigamboni:
Hahaha mkuu yaani mtu kachanga laki yake, kavaa sare ya kitenge, kakaa foleni ya Mandela masaa, afike ukumbini umuulize mto mrefu kuliko yote Afrika? Na shangazi wa bibi harusi akikosa mbele ya wakwe je? Hapo umeharibu ndoa kabla haijafungwa. Uzuri wa Henyo ni kwamba hakuna anayeonekana mjinga, kila mtu akibandikwa anahangaika, awe profesa awe nani. Na ukumbi unajua jibu, ndo maana unachanganyikiwa. Kwenye maswali ya kawaida ukumbi na wewe mnajua sawa, watu wananyamaza.

Pilipili_Kichaa:
Hilo la ukumbi kujua jibu nakupa. Ila bado zawadi iwe nono, bila hela Mbongo hanyanyuki kwenye kiti.

Dada_wa_Mikocheni:
Ngojeni hapo kwenye zawadi. Hao hao Wafilipino walikua na kipindi kingine kinaitwa Wowowee, michezo na hela nje nje. Tarehe 4 Februari 2006 walikua wanafanya sherehe ya kutimiza mwaka mmoja kwenye uwanja mmoja pale Pasig, watu maskini wakaja maelfu wakalala nje kugombea kuingia, mlangoni ikatokea msongamano wakakanyagana, walikufa zaidi ya 70 na wengi wao wanawake. Kwa hiyo mtu akiniambia vipindi vyao ni vicheko tu namwangalia. Ule umati haukwenda kucheka, ulikwenda kutafuta kodi ya nyumba.

Sisemi sendofu ya Segerea itafika huko. Nasema MC weka beseni, weka doti ya khanga, inatosha. Ukitangaza laki mbili watu wataanza kugombana nani alisogeza midomo.

MC_wa_Tabata:
Dah hiyo sikuijua dada. Basi zawadi beseni na thermosi. Mwingine aliyewahi kuuchezesha kwa Kiswahili?

Mama_Wawili:
Mimi hapa, tulicheza kwenye kikoba chetu Mbagala siku ya kuvunja mzunguko. Nakupa yanayokusubiri.

Kwanza anayejibu mfunge kabisa, ndiyo, hapana, inawezekana, BASI. Kina mama hawawezi, utamsikia "ndiyo linaliwa", keshampa ngeli hapo, mwenzake anaruka moja kwa moja kwenye embe, nanasi, papai. Tukaweka sheria ukiongeza neno unatolewa sekunde 10.

Pili maneno yawe ya hapa hapa. Tulimbandika mama mmoja "kivuko", ikaenda hivi, mtu? hapana, kitu? ndiyo, kinaliwa? hapana, kipo jikoni? hapana (hapo kaganda kidogo maana alishajiandaa na vyombo vyote), kipo Dar? ndiyo, kinatembea? ndiyo, barabarani? hapana, majini? ndiyo, cha kwenda Zanzibar? hapana, we alinyanyuka na kiti "KIVUKOOO", ilikua imebaki kama sekunde 3 hivi. Ila kuna mjanja mmoja aliandika "maendeleo", mpaka leo hatujui ile ilikua mtu, kitu au mnyama.

Tatu na hii ndo kubwa, MARUFUKU majina ya watu waliopo. Sisi waliandika jina la mwenyekiti. Mtu? ndiyo. Mwanamke? ndiyo. Namjua? ndiyo. Yupo humu ndani? ndiyo. Ana deni? NDIYO. Ukumbi ukafa kicheko ila mwenyekiti hakucheka, na pilau alibeba kwenye mfuko akaondoka.

Pilipili_Kichaa:
😂😂😂 mwenyekiti ana deni. Sawa nimeshindwa, huo mchezo ni mtamu. Kwenye sendofu mtu akiandika jina la eksi wa bibi harusi itakuaje

Mama_Wawili:
Ndo maana maneno anaandika MC mwenyewe nyumbani, asiokote karatasi za wageni.

Dada_wa_Mikocheni:
Na hilo la heshima uliloulizia MC, usianze na wazee. Anza na wifi na shemeji vijana, wale wanaopenda kuonekana. Wazee wakishaona mtu kakosa "mwiko" mbele ya ukumbi mzima watakuja wenyewe. Kikadi usikibandike na gundi, dada zetu wamelipia mekapu na mawigi, tengeneza kitambaa chenye lastiki kishikie karatasi.

Baharia_Kigamboni:
Nyongeza, maka iwe nyeusi na herufi kubwa, meza za nyuma wakishindwa kusoma wanarudi kwenye simu zao. Na anayebandikwa mkalishe uso kwa wageni, mgongo kwa skrini, maana kama mpiga video anarusha picha ukutani mtu anageuka anasoma jibu lake mwenyewe.

MC_wa_Tabata:
Hiyo ya skrini isingenijia kabisa, ukumbi wa Jumamosi una skrini mbili. Nimeshaandika mwiko, kinu, bajaji, Kariakoo, mahari, kungwi, nazi na feni. Hiyo mahari namwekea baba mdogo wa bwana harusi, nasikia ndo alikua kwenye kikao. Nikitoka nakuja kuwapa mrejesho na klipu kama wenye shughuli wakikubali.

Mama_Wawili:
Mahari mbele ya wakwe MC? Itoe hiyo kadi, weka mbuzi.