Ua la Usambara linaoza shingo Unguja: tatizo ni maji au joto?

Mkunazini_Maua
Assalaam alaykum. Nina vyungu vinne vya ua la Usambara (Saintpaulia), dirisha la mashariki, nyumba ya mawe. Tangu kaskazi ianze, majani ya katikati yanalegea na shingo (kishina kifupi kati ya majani na mizizi) inakuwa nyeusi na laini, ilhali udongo umelowa. Udongo ni mweusi wa shamba, nusu yake samadi ya ng'ombe. Vyungu ni vya sentimita 18, na namwagia maji ya kisima kila asubuhi. Mawili yamekufa. Yaliyobaki yanaokolewaje? Halafu jamaa yangu wa Tanga yuko tayari kuniletea miche ya msituni. Hiyo si itastahimili joto zaidi?

Shamba_Wete
Wa alaykum salaam. Hiyo ni kuoza kwa shingo. Mmea unalegea kwa kuwa mizizi imekufa na hainywi tena, lakini mtu akiuona umelegea anadhani una kiu, anaongeza maji, na kuoza kunakwenda mbio. Kuvu wa udongoni hustawi panapokuwa na maji yaliyotuama na joto la juu ya nyuzi 30, na kaskazi yetu ndiyo hiyo.

Kwao mmea huu hauoti kwenye udongo wa kina. Hushika kwenye nyufa za mawe na kuvumwani, chini ya kivuli cha msitu, maji yakipita tu. Chungu cha sentimita 18 kwake ni kisima. Upana wa chungu uwe theluthi ya upana wa mmea: mmea wa sentimita 30, chungu cha 10.

Ng'oa mmea leo. Kwangua shingo kwa wembe safi mpaka uone nyama ya kijani isiyo na doa. Doa la kahawia likibaki, kazi ni bure. Bakisha majani sita ya katikati, acha kidonda kikauke saa moja, kisha panda upya kwenye mchanganyiko huu: usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) mafungu mawili, perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mawe yaliyopashwa moto) fungu moja, mkaa uliopondwa kama punje za mchele fungu moja (chekecha vumbi lake litoke). Samadi usitie kabisa. Funika kwa mfuko mweupe unaopitisha mwanga, pasipo jua, na ufungue dakika chache kila siku.

Ikiwa uozo umeshafika kwenye kitovu (katikati, majani mapya yanakochipukia), achana na shina, okoa majani. Chagua jani la duara la kati. La nje kabisa limezeeka. Kata kikonyo kwa mshazari, kibaki sentimita 3, zamisha sentimita 1.5 tu. Mizizi huchukua wiki tatu hadi nne, vitoto miezi miwili hadi mitatu. Kwa kuzalisha mingi, ngoja kipupwe, Juni hadi Agosti. Majani mengi ya kaskazi huoza kabla ya kutoa mizizi.

Mkunazini_Maua
Ahsante sana ndugu. Usumba wa wasokota kamba unafaa?

Shamba_Wete
Unafaa ukioshwa. Makumbi yetu hufukiwa pwani, kwa hiyo usumba una chumvi ya bahari. Uroweke kwenye maji baridi kwa siku nzima, mwaga, rudia mara tatu. Maji kutoka meupe si dalili kwamba chumvi imekwisha. Mchanga wa pwani usiutumie hata ukiuosha. Na maji ya kisima yana chokaa ya mawe yetu, ndiyo ule ukoko mweupe mdomoni mwa chungu. Ukoko huo ukigusa vikonyo vya majani, vinaungua na kuoza. Kinga maji ya mvua. Mwagia maji pale tu udongo wa juu ukiwa mkavu kidoleni, si kwa kuhesabu siku.

Mti_Mkavu
Kuhusu miche ya msituni: tafadhali dada, mwambie jamaa asilete. Jamii nzima ya Saintpaulia asili yake ni Tanzania na Kenya tu, na baadhi ya aina zina vilima au mabonde machache basi. Ile ya kwanza kuelezwa kitaalamu, mwaka 1893, ilitoka Tanga. Mti wa kivuli ukikatwa, kuvumwani inakauka na kundi lote linakufa. Ukiongeza na mikono ya kung'oa, hakibaki kitu. Ndani ya hifadhi pia huruhusiwi kuchukua mmea bila kibali.

Hata faida huipati. Kweli, aina za mwambao huvumilia joto kuliko za milimani, ila uvumilivu huo haumsaidii mwenye mizizi iliyozama majini. Na mmea uliong'olewa mwambani hupoteza mizizi myembamba, wengi hufa ndani ya wiki chache. Jani moja kutoka kitaluni linatosha, tena likija limefungwa kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko, halidhuriki siku mbili tatu.

Likifika, litenge na mengine mwezi mzima. Majani ya katikati yakisongamana na kuwa magumu, yana utitiri. Tupa pamoja na udongo wake.