Acheni kuwaambia watu wafute faili la kufuli!

Wakuu, nafungua uzi huu kwa hasira, na naomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Kila anayekuja kuuliza kwa nini npm, kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript, imegoma kwenye mradi wake anapewa dawa ile ile: futa node_modules, futa package-lock.json (ndilo faili la kufuli), piga npm install upya. Ikigoma, ongeza --force. Ikigoma tena, --legacy-peer-deps. Muulizaji anarudi kuandika "imekubali, ubarikiwe", na habari inaishia hapo. Hakuna aliyemwambia abandike ujumbe wote wa kosa. Hakuna aliyemuuliza anatumia Node (inayoendesha JavaScript) toleo gani. Baadaye kinavunjika kitu kingine, mahali ambapo hakuna mtu aliyegusa, ndipo lawama zinaanza kwamba lugha fulani haiaminiki.

Kufuta node_modules sina ugomvi nako. Ile ni folda inayojengwa upya wakati wowote. package-lock.json ni suala jingine kabisa. Ndani ya package.json, orodha ya vifurushi vya mradi, unaandika unachokubali. Faili la kufuli linaandika ulichopata. Ukiweka "^1.4.0" umekubali chochote kuanzia 1.4.0 hadi kabla ya 2.0.0. Ukiweka "~1.4.0" unaishia kabla ya 1.5.0. Na kwa matoleo yanayoanza na sifuri alama ya ^ inabana zaidi: ^0.2.3 inaishia kabla ya 0.3.0, na ^0.0.3 inakubali 0.0.3 peke yake. Faili la kufuli ndilo linalotaja, kwa kila kifurushi, toleo kamili lililochaguliwa na heshi yake ya sha512 (alama ya kuthibitisha kwamba hakijabadilishwa), pamoja na vile ambavyo hukuviomba wewe bali vimeletwa na vifurushi vyako. Mradi wenye vitegemezi (vifurushi unavyovitegemea) ishirini vya moja kwa moja unaweza kuwa na mamia ya namna hiyo.

Kwa hiyo unapomwambia mtu alifute, unaruhusu mamia yale yahame kwa mpigo mmoja. Kosa likitoweka, hajui ni kifurushi gani kilikuwa na tatizo. Lisipotoweka, sasa ana tatizo la zamani pamoja na mabadiliko mia mapya. Na ile komiti yake (badiliko analolihifadhi kwenye git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo) itakuwa na maelfu ya mistari ambayo hakuna mkaguzi atakayeisoma.

Mnakumbuka kifurushi cha colors, Januari 2022? Mwenye maktaba mwenyewe aliingiza kitanzi kisicho na mwisho kwa makusudi kwenye toleo 1.4.1. Aliyeandika ^1.4.0 na hana faili la kufuli aliletewa sumu hiyo siku ile ile. Aliyekuwa na kufuli kwenye 1.4.0 na anajenga kwa npm ci hakuguswa. Kinga hiyo ndiyo mnayowafundisha watu kuitupa!

Sasa, kitu cha kufanya badala yake. Kwanza rudisha hali ilivyokuwa:

git checkout -- package-lock.json
rm -rf node_modules
npm ci

Amri ya npm ci haibahatishi. Inasakinisha kilichomo kwenye kufuli tu, haiandiki kitu humo, na kama package.json na kufuli havipatani inasimama na kukueleza. Hiyo ndiyo amri inayotakiwa kwenye seva ya kujengea, kila mara. npm install ni ya pale unapotaka kubadilisha vitegemezi, kwa sababu yenyewe ikikuta mawili hayapatani inarekebisha kufuli kimyakimya na kuendelea.

Pili, SOMA kosa. Chukua hili linaloletwa humu mara kwa mara:

npm ERR! code ERESOLVE
npm ERR! Found: react@18.2.0
npm ERR! Could not resolve dependency:
npm ERR! peer react@"^16.8.0 || ^17.0.0" from @material-ui/core@4.12.4

Kila kitu kimeshasemwa hapo. "Found" ni ulichonacho: React (maktaba ya kujengea kurasa) 18.2.0. Mstari wa "peer" ni toleo la React ambalo kifurushi kingine kinadai kulikuta kwenye mradi: @material-ui/core 4.12.4 inataka 16 au 17, basi. Tangu npm 7, mahitaji ya peer yanasakinishwa na kukaguliwa, ndiyo maana mradi uliopita bila kelele kwenye npm 6 unagoma leo. Njia za kutoka ni chache na zote ziko wazi. Hamia kwenye maktaba inayokubali React 18. Kwa mfano huu ni @mui/material, na kabla ya kuhamia unauliza npm view @mui/material peerDependencies ili uone inakubali nini. Au baki React 17 mpaka utakapokuwa na nafasi ya kuhama. Au, kama umejaribu na kuthibitisha kwamba maktaba inafanya kazi na toleo jipya ila mwandishi wake hajasasisha masharti yake, tumia "overrides" ndani ya package.json, ukitaja kifurushi hicho kimoja.

Tofauti ya overrides na --legacy-peer-deps ndiyo inayoniudhi zaidi, maana watu wanazichukulia sawa. Overrides inagusa kifurushi ulichokitaja na inabaki imeandikwa, mwenzako anaiona. --legacy-peer-deps inaacha kuzingatia masharti ya peer ya mti MZIMA, na ikipigwa kwenye terminali yako haiachi alama yoyote kwa anayekuja baada yako. Ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Moja ya matokeo yake ni nakala mbili za React kwenye mradi mmoja, kisha unapata kosa la React la "Invalid hook call" na kushinda unakagua msimbo wako ambao hauna kosa lolote. Piga npm ls react. Ukiona matoleo mawili kwenye mti, umempata mwizi. npm explain react itakuambia kila moja limeletwa na nani.

Ile "npm cache clean --force" nayo muiache. Tangu npm 5 kache (hifadhi ya vilivyokwisha kushushwa) inakagua heshi za vilivyomo; kilichoharibika kinavutwa upya. Ukiwa na wasiwasi, npm cache verify inatosha.

Watu wa Python msicheke, kwenu ndiko hali ni mbaya zaidi, kwa sababu wengi hamna hata hilo faili la kufuta. Mtu ana requirements.txt, orodha inayosomwa na pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python), yenye mstari huu:

Flask==2.2.2

Anaamini amefunga toleo. Hajafunga. Flask 2.2.2 inadai Werkzeug>=2.2.2 (maktaba inayoitegemea), bila kikomo cha juu. Tarehe 30 Septemba 2023 Werkzeug 3.0.0 ikatoka, ikiwa imeondoa url_quote ambayo Flask hiyo inaiita. Aliyejenga kontena (programu iliyofungwa pamoja na vitegemezi vyake) siku iliyofuata, bila kugusa herufi moja ya msimbo wake, akakutana na:

ImportError: cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'

Majibu aliyopewa yalikuwa "sakinisha Flask upya". Utasakinisha mara mia na utaletewa Werkzeug 3 mara mia. Kiraka cha dharura ni kuongeza mstari wa Werkzeug<3. Tiba yenyewe ni kutenganisha mafaili mawili: requirements.in, unamoandika vile unavyovihitaji kwa jina, na requirements.txt inayotengenezwa na pip-compile kutoka pip-tools, ikiwa na matoleo kamili ya kila kitu mpaka vitegemezi vya vitegemezi:

pip-compile --generate-hashes requirements.in
pip-sync requirements.txt

Poetry na uv (zana nyingine za vifurushi vya Python) zina mafaili yao ya kufuli yanayofanya kazi hiyo hiyo. Chagua moja, liingize kwenye ripo, basi. Pip freeze si mbadala. Inamwaga kila kilichomo kwenye mazingira, hata ulivyovijaribu ukavisahau, na baada ya muda huwezi kujua kipi ulikiomba na kipi kilikuja kwa mgongo wa kingine.

Tena, acheni kuandika maelekezo yenye pip install kumi zilizofuatana. Pip inatatua migongano ya vile vilivyo kwenye amri moja. Amri ya pili inaweza kupandisha kifurushi ambacho amri ya kwanza ilikihitaji kiwe chini. Pip itaandika ERROR kwamba kuna mgongano, lakini usakinishaji unamalizika na amri inahesabiwa imefaulu, kwa hiyo ujenzi wa kontena unaendelea na kuharibikia kwenye seva mbele ya watumiaji. Weka vyote kwenye amri moja, kisha ongeza RUN pip check mara baada yake kwenye Dockerfile (faili la kujengea kontena). Ikikuta mgongano, ujenzi unasimama pale pale.

Na mkiona "numpy.dtype size changed, may indicate binary incompatibility", hilo halitibiwi kwa kubadilisha import. Kuna maktaba iliyokompailiwa dhidi ya toleo moja la NumPy (maktaba ya hesabu) na sasa inaendeshwa na jingine. NumPy 2.0 ilitoka Juni 2024 ikavunja upatanifu huo na moduli zilizokompailiwa kwa 1.x. Weka numpy<2, au pandisha maktaba ile iliyokompailiwa. Ipi? Ni ile iliyo kwenye mstari wa mwisho wa traceback (orodha ya mistari inayoonyesha kosa lilipotokea) unaotaja faili nje ya numpy. Mara nyingi huwa ni pandas, scipy au scikit-learn.

Wenye maktaba nao wana fungu lao. Kufunga toleo kamili ni haki ya programu ya mwisho, ile inayopandishwa kwenye seva. Ukiandika maktaba inayotumiwa na wengine halafu ukaweka requests==2.25.1 kwenye masharti yake, umewafungia mlango watu wote ambao mradi wao una maktaba ya pili inayotaka requests mpya zaidi. Pip itawapa ResolutionImpossible na hakuna cha kufanya upande wao. Weka toleo la chini ulilolijaribu kweli, na acha nafasi juu.

Kitu kingine mnachokisahau: Node yenyewe ni kitegemezi. Python yenyewe ni kitegemezi. Wale wa ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED wanapewa NODE_OPTIONS=--openssl-legacy-provider kama vile ni suluhisho. Sababu ni kwamba Node 17 ilihamia OpenSSL 3 (maktaba ya usimbaji), na webpack 4 (zana ya kufungasha msimbo wa JavaScript) inatumia md4, heshi ya zamani ambayo OpenSSL 3 haiiruhusu kwa kawaida. Hamia webpack 5, au taja toleo la Node kwenye "engines" na uweke engine-strict=true kwenye .npmrc ili asiyefuata azuiwe mapema. Python 3.12 nayo iliondoa distutils, zana yake ya zamani ya kujengea vifurushi. Kifurushi cha zamani kinachoitegemea kinaweza kugoma kujengwa. Na kwenye Dockerfile, lebo ya latest (toleo lolote lililo jipya) ni sawa na kutokuwa na kufuli.

Kuna wanaofuta kufuli kwa sababu ya migongano ya git tu, wanaona mistari ya <<<<<<< wanaogopa. Tatua package.json kwa mkono, kisha:

npm install --package-lock-only

npm itaunganisha kufuli yenyewe. Sekunde chache, hakuna kilichopotea.

Faida ya kutunza kufuli kwenye ripo utaiona siku kitu kimevunjika na hujui lini. Anzisha git bisect (inatafuta komiti iliyovunja), halafu:

git bisect run sh -c 'npm ci || exit 125; npm test'

Ile 125 inamwambia git aruke komiti isiyosakinishika badala ya kuihesabu mbovu. Ukiipata komiti, ukakuta imesasisha vifurushi kumi, rudisha kufuli la kabla yake na upandishe kimoja kimoja kwa npm update na jina lake, ukijaribu kila hatua. Ukikishuku kimoja, npm diff --diff=jina@1.2.3 --diff=jina@1.2.4 inaonyesha kilichobadilika ndani yake. Aliyefuta kufuli hana hata moja ya hizi.

NYONGEZA: Kuna aliyenijibu kwamba Rollup (zana ya kufungasha msimbo wa JavaScript) yenyewe inashauri kufuta kufuli, kwenye kosa la "Cannot find module @rollup/rollup-linux-x64-gnu". Ni kweli, na hapo ni halali. Kuna hitilafu ya npm inayohusu vitegemezi vya hiari: kufuli likitengenezwa kwenye mfumo mmoja wa uendeshaji huku node_modules ipo, linaweza kuandika vifurushi vya mfumo huo peke yake na kuacha vya Linux. Fanya hivyo kwenye tawi la peke yake, komiti ya peke yake, na linganisha npm ls --all ya kabla na ya baada ili ujue nini kingine kimehama.

NYONGEZA 2: Wa Java mliouliza kuhusu NoSuchMethodError. Maven, msimamizi wa vitegemezi vya Java, haichagui toleo jipya zaidi, inachagua lililo karibu zaidi na mradi wako kwenye mti. Guava (maktaba ya Java) 19 iliyo hatua mbili inaishinda Guava 32 iliyo hatua tatu. Inakompaili vizuri, inaanguka ikiendeshwa. Piga

mvn dependency:tree -Dverbose -Dincludes=com.google.guava:guava

utafute "omitted for conflict with", kisha taja toleo unalolitaka kwenye dependencyManagement. Gradle, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo, yenyewe huchukua la juu zaidi, kwa hiyo mradi ule ule unaweza kupona huku na kufa kule. Atakayefungua uzi mwingine wa suala hili abandike matokeo ya amri hiyo, toleo la JDK, na kosa lote bila kulikata.