Nyota amebakiza mwaka mmoja wa mkataba: abaki au abadilishwe?

Mleta mada
Ndugu wadau wa kikapu, naomba tulinganishe kwa kina kwa mifano ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Timu ina nyota aliye katika ubora wake, lakini mkataba wake umebakiza mwaka mmoja. Je, ibaki naye na kuimarisha kikosi kinachomzunguka, imtoe ili ipate nyota mwingine, au imtoe kwa kijana pamoja na nafasi za drafti (zamu za kuchagua vijana wapya kila mwaka) za miaka ijayo? Mimi naegemea kumbakiza. Mwaka 2007 Kobe Bryant aliomba hadharani kuondoka Los Angeles Lakers, uongozi haukumwachia, na Februari 2008 ukamletea Pau Gasol kutoka Memphis. Ubingwa wa 2009 na wa 2010 ukafuata.

Mchangiaji wa kwanza
Mfano ni mzuri, ila haulingani na swali lako, mkuu. Kobe alikuwa amesaini mkataba wa miaka saba mwaka 2004, kwa hiyo Lakers walikuwa na muda wa kumtuliza. Anayefanana na nyota wako ni Kawhi Leonard mwaka 2018. Toronto walimtoa DeMar DeRozan, mchezaji aliyekuwa nao tangu 2009 na aliyependwa kuliko wote pale, ili wampate Kawhi, ambaye angeweza kuondoka baada ya msimu mmoja. Kweli aliondoka, lakini aliwaachia ubingwa wa 2019. Kwa timu ambayo haijawahi kutwaa kombe na inayokwama kila mwaka katika mtoano, naona bei ile ilikuwa halali.

Mchangiaji wa pili
Naomba tuutazame pia upande wa anayetoa. Memphis walibezwa sana mwaka 2008, lakini miongoni mwa walivyopokea zilikuwemo haki za kumsajili Marc Gasol, mdogo wake Pau, ambaye mwaka 2013 alitangazwa mlinzi bora wa ligi. Oklahoma City nao, walipompeleka Paul George kwa Clippers mwaka 2019, walimpata kijana Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari na nafasi tano za raundi ya kwanza ya drafti, ambapo moja ilimleta Jalen Williams mwaka 2022. Mwaka 2025 walikuwa mabingwa. Hata hivyo, kabla ya hapo walipitia msimu wa ushindi 22 na mwingine wa ushindi 24, na si kila mmiliki atamvumilia kocha katika hali hiyo.

Mchangiaji wa tatu
Njia ninayoiogopa kuliko zote ni kutoa kesho kwa ajili ya wazee. Mwaka 2013 Brooklyn waliwachukua kutoka Boston Kevin Garnett, aliyekuwa na miaka 37, na Paul Pierce, aliyekuwa na miaka 35. Kanuni za ligi haziruhusu timu ijiache bila nafasi ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo mfululizo, ndiyo maana walitoa za 2014, 2016 na 2018, na kwa 2017 wakawapa Boston haki ya kubadilishana nafasi, yaani kuchukua ya Brooklyn ikiwa ni bora kuliko yao. Boston wakawapata Jaylen Brown na Jayson Tatum humo humo. Inauma ukifikiri kwamba Brooklyn walishinda mfululizo mmoja tu wa mtoano wakiwa na wazee hao.

Mleta mada
Nashukuru, hoja ya mkataba nimeikubali. Je, ikiwa nyota mwenyewe yuko tayari kusaini tena, lakini anacheza nafasi moja na kijana anayechipukia?

Mchangiaji wa kwanza
Hapo tazama uwanjani, si orodha ya wafungaji. Machi 2012 Golden State walimpeleka Monta Ellis, mfungaji wao mkuu, Milwaukee na kumpokea Andrew Bogut, senta aliyekuwa majeruhi. Mashabiki walimzomea mmiliki hadharani, kwa kuwa Stephen Curry wakati huo alisumbuliwa na kifundo cha mguu. Walinzi wawili wafupi hawakuweza kuzuia pamoja, na wote walihitaji mpira mkononi. Bogut aliwapa ribaundi, ulinzi chini ya kikapu na skrini imara (kusimama njiani mwa mlinzi) za kumfungulia Curry nafasi ya kutupa, na mwaka 2015 walitwaa ubingwa.

Mchangiaji wa pili
Naongeza umri. Februari 2025 Dallas walimtoa Luka Dončić wa miaka 25 kwa Anthony Davis wa miaka 31, Max Christie na nafasi moja tu ya raundi ya kwanza. Davis aliumia katika mchezo wake wa kwanza. Nyota wako ana miaka mingapi, na kijana je?